Chupa Isiyokuwa Yake

Zedekiya alipokamatwa mara ya pili akiendesha gari la kampuni huku amelewa, hakimu alimnyang'anya leseni na kumpiga marufuku kununua pombe. Mungu ashukuriwe, alikuwa amegonga uzio wa ghala tu. Udereva ukaishia hapo. Sasa alipakia mizigo kwenye ghala hilo hilo, mtaa wa Al Qusais, katika nchi ya Kiarabu walikokwenda kutafuta kazi, na kila jioni alirudi kwenye chumba chao kidogo mikono ikimtetemeka.

Jumapili moja, baada ya ibada, alimgeukia mkewe, Auleria.

"Mama Leah, nenda wewe. Wewe hujazuiwa. Chupa moja tu."

"Na amri ya hakimu?"

"Hakimu anaogopa niendeshe. Siendeshi tena! Nitamgonga nani?"

Auleria, ambaye hata rubisi, pombe ya ndizi ya kwao Bukoba, hakuwahi kuionja, aliitazama mikono ya mumewe. Alimwonea huruma. Akavaa viatu, akaenda.

Dukani muuzaji alikuwa Hudson, Mganda waliyekuwa wakisali naye, aliyejua yaliyompata Zedekiya. Aliitazama chupa, akamtazama mwenye kuishika.

"Dada, hii ni yako?"

"Ndiyo" moja tu ingemaliza mambo, lakini uongo huo ulimshinda. Alimkumbuka Zedekiya wa zamani, aliyekuwa akimpitia kazini kwa Madam, mwajiri wake, mtaa wa Silicon Oasis, na kukataa kuwasha gari mpaka yeye afunge mkanda.

"Si yangu," alisema, machozi yakimlengalenga. Hudson akairudisha rafuni, asiulize la pili.

Kwenye duka la jirani alinunua ndizi za kupika. Zedekiya alipoufungua mfuko na kuziona, sura ikambadilika.

"Umenidharau!"

"Uliniuliza utamgonga nani," Auleria alisema taratibu. "Mimi, Baba Leah. Mimi ndiye niliye mbele yako kila siku. Nimeumia, nawe hujaona."

Zedekiya akatoka, mlango akaubamiza. Auleria aliketi kitandani akidhani mumewe ameenda kutafuta mtu mwingine wa kumnunulia. Kumbe alikuwa amekaa ngazini tu. Baada ya kitambo alirudi, macho mekundu.

"Naogopa," alisema. "Nikiikosa, mwili wote unatetemeka. Naona kama nitakufa."

"Basi hili si la kupambana nalo wawili tu. Kesho twende kwa daktari."

"Na kazini kwako?"

"Madam nitamwambia ukweli. Akikasirika, akasirike."

Madam hakukasirika, alisema yalla, haya, nenda. Wakiwa kliniki wakingoja kuitwa, Zedekiya alikilaza kichwa begani kwa mkewe mbele ya watu wote, yeye ambaye hata mkono hakuwahi kumshika barabarani. Auleria hakutikisika, asije akamwondoa.

Dawa zilimtuliza mikono. Hata hivyo haikuwa safari ya kunyooka: mwezi uliofuata rafiki mmoja wa ghalani alimpa pombe, akanywa. Safari hii alikuja kusema mwenyewe, amesimama mlangoni kama mgeni.

"Ingia," Auleria alimwambia. "Chakula kinapoa."