Kinda Mwenye Kucha Mbawani

Mtunza ndege alijua kuwa ananuka. Miaka sita ya kuwahudumia wale ndege wa kinamasi, wenye shungi lililosimama na tumbo linalovundisha majani kama la ng'ombe, ilimfanya mkewe amvue shati nje ya mlango. Hakulalamika. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na yeye aliwapenda ndege wake kupita kiasi.

Asubuhi hiyo aliamka na hofu. Wageni wa bustani ya wanyama walikuwa wamelalamikia harufu, na mwenyekiti wa bodi, mama wa manukato na viatu vya kumetameta, alikuwa anakuja kuamua kama ndege wabaki au wahamishwe.

Mama alifika, akavuta pumzi moja tu, akaziba pua kwa mtandio.

"Jamani, hapa pamekufa nini?"

"Hapajafa kitu, mama. Ndiyo kwanza wamekula."

Meneja wa bustani, aliyefuatana naye, akacheka kwa kujipendekeza. Mtunza akaona miaka yake sita inakwenda arijojo.

Mama akasogea ukingoni mwa bwawa, angalau awaone kabla ya kuwafukuza. Kinda aliyekuwa kiotani, juu ya maji, akaona sura ngeni, akajitupa. Chubwi!

"Maskini, anazama!"

Kabla mtunza hajasema kwamba ndivyo makinda wanavyomkimbia adui, mama alikwisha tupa mkoba na kuruka na viatu vyake. Maji yalimfika magotini. Tope lilimfika kila mahali. Meneja akashika kichwa kama aliyefiwa.

Na kinda? Aliibukia upande wa pili, mzima wa afya, akadaka tawi kwa kucha za mbawani (ndiyo, anazo, mbili kila ubawa) akapanda, mkono huu, mkono ule, mpaka kwao.

Mtunza alifumba macho akingoja kufukuzwa yeye na ndege wake. Akasikia kicheko, kile cha mtu aliyesahau cheo chake.

"Mmemwona? Amepanda kwa mikono!" Mama alikuwa anarukaruka topeni. Mtunza naye akaangua kicheko, akashikilia uzio.

Meneja akanyoosha mkono. "Toka, mama, utanuka!"

"Nishanuka, mwanangu," akajibu, wala hakusogea. Akamgeukia mtunza. "Hebu niambie, baba, kesho anaanguka saa ngapi? Nataka nije na wajukuu."