Nne za Alfajiri

Nne. Nne. Nne. Kila alfajiri, kwa miaka kumi na mmoja mfululizo, upepo wa baharini ulikuwa na nguvu ya nne, hauzidi wala haupungui, kana kwamba umeajiriwa. Mtakwimu aliisukuma kompyuta kando ya meza ya baba yake na kushusha pumzi kwa kishindo.

Kazi yake katika idara ya hali ya hewa ilikuwa kuonyesha iwapo pepo za baharini zinaongezeka nguvu kadiri dunia inavyopata joto. Wahandisi walitaka jibu kesho, waamue kimo cha ukuta wa bandari. Zamani hapakuwa na setilaiti. Palikuwa na mabaharia waliotazama mawimbi na kuandika namba daftarini, sifuri kwa shwari, kumi na mbili kwa tufani. Katika njia ya meli aliyopewa kuichunguza, mwandishi alikuwa baba yake mzazi, ambaye alikwisha kuwatangazia majirani kwamba bintiye hawezi kazi bila yeye.

"Baba, ulikuwa unatoka nje kutazama?"

"Jioni nilitoka."

"Nakuuliza alfajiri."

Mzee alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Alfajiri nilikadiria."

"Ukiwa wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi, baba?"

"Kitandani, basi! Nne ni namba nzuri, mwanangu. Haimuudhi mtu."

Hasira zilimpanda binti. Si ndiye huyu aliyemchapa darasa la tano kwa kunakili hesabu za mwenzake? Nne zile zingeachwa, bahari ya zamani ingeonekana tulivu kuliko ilivyokuwa, na upepo wa leo ungeonekana umeruka ghafla. Zikifutwa, nusu ya ushahidi wake inakwenda na maji. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Akaanza kufuta. Kompyuta ikadai sababu.

"Niandike nini? Kwamba mwangalizi alikuwa amelala?"

"Sikulala." Mzee aliweka kijiko chini. "Andika aliogopa."

Vidole vya binti vilisita.

"Tulikuwa wawili zamu ya alfajiri. Mwenzangu akatangulia kutoka. Nilipofungua mlango, sitaha ilikuwa tupu, maji yanatiririka tu. Tangu siku hiyo sikuufungua tena mlango ule kabla ya jua kutoka. Mama yako hajui."

Binti bado alikuwa na hasira, ila hakujua tena aielekeze wapi.

"Siku hiyo upepo ulikuwa kiasi gani?"

"Tisa," alijibu kabla swali halijaisha.

Binti alirudi nyuma kwenye picha za daftari, akaipita nne ya kwanza. Tisa ilikuwepo, mstari mmoja juu yake, imeandikwa kwa kalamu iliyokaribia kuichana karatasi. Alizifuta nne zote, akaiacha hiyo.

"Yaani baada ya yote yale, ulirudi ndani ukaandika?"

"Saa ya kuandika ilikuwa imefika," alisema mzee.