Sikio la Baba Limekobolewa

Anayesema penye nia pana njia aje amtafutie baba yangu kifaa cha kusikia hapa Ifakara, ndipo tuongee vizuri.

Mimi nimetafuta. Hospitali walimpima, wakasema sikio la kushoto limekwisha, la kulia limebaki kidogo, mpaka umsogelee na kupiga kelele. Kifaa kitamsaidia. Kiko wapi? Hawana, nenda Morogoro. Morogoro wakanitajia bei ya pikipiki mpya. Nikauliza vile vya bei nafuu nilivyosikia vinatangazwa redioni. Dada wa mapokezi akasema vya msaada vilikuja, vikaisha, niache namba ya simu. Namba niliacha. Mpaka leo simu yangu inaita kwa mambo mengine tu.

Pale stendi, kijana anayeuza chaja na kava za simu aliniuzia kimoja cha bei chee. "Dada, hiki ni moto. Mzee atasikia mpaka sisimizi wakitembea." Kweli, kilipiga mluzi kutwa nzima. Baba akasikia kuku wa jirani, akasikia sufuria zikigongana, lakini mimi nikiongea mbele yake hapati kitu. Akakivua. "Heri nikae kimya changu," akasema.

Baba yangu, Mzee Raimundi, alikuwa na ujanja wake. Ukimwuliza kitu chochote, anaitikia kwa kichwa. Umekula? Anaitikia. Tuuze mbuzi? Anaitikia. Mtaa mzima ukamwona mzee mpole kuliko wote. Mimi kitu hicho kilinikera kuliko ukiziwi wenyewe, maana namjua: baba yangu ni mbishi, aliwahi kubishana na padre juu ya siku ya kuvuna.

Na nilikuwa na haraka. Obed wa Mlimba alikuwa analeta posa, na kwetu mahari haipokelewi mpaka baba amwite binti mbele ya wageni, amwulize, "Tupokee?" na alisikie jibu kutoka kinywani mwake. Si kupitia kwa mjomba, si kupitia kwa shangazi. Nilitaka baba alisikie jibu langu. Basi, hilo tu.

Mungu si Athumani. Binamu yetu wa Kiberege akatupa kifaa cha marehemu mama mkwe wake. Kilikuwa cha zamani, kimezungushiwa plasta, lakini kilifanya kazi. Baba akakaa kibarazani, akamsikia muuza vitumbua anapita barabarani, akamwita na kuanza kumbishia bei. Nilikimbilia jikoni nikalia. Baba yangu alikuwa amerudi.

Kuelekea siku ya posa, mvua ikamkuta shambani. Kifaa kikalowa chepechepe. Baba akafanya ambacho mtu yeyote wa bonde hili hufanya simu yake ikilowa: kukifukia kwenye mchele kikauke. Ila mchele ulikuwa umekwisha ndani, basi akakifukia kwenye kiroba cha mpunga, akaenda kujilaza. Hakumwambia mtu.

Jioni kaka yangu Lukelo akaja na toroli kuchukua mpunga wa kukoboa, maana wageni lazima wale wali. Akasimama mlangoni kwa baba. "Baba, nibebe viroba vyote?"

Baba akaitikia kwa kichwa.

Vipande vya kifaa tulivikuta kwenye pumba. Vilikuwa na rangi ya ngozi, vidogo kama kucha za mtoto. Nilivichambua palepale mashineni, vumbi limenijaa puani, huku baba mdogo Anselim akinifariji kwa methali. "Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu."

"Shikamoo baba mdogo," nikamwambia. "Naomba uniache."

Hakuniacha. Siku ya posa alikuwa ameshapanga kila kitu: kaka yake ataniuliza, nitajibu, kaka yake ataitikia kwa kichwa, yeye Anselim atapokea. Nikamwambia kuitikia huko ndiko kulikotupeleka kwenye pumba. Akacheka, akasema mabibi harusi wa siku hizi wana maneno. Shangazi Brigitha naye akanifunika kanga na kuniasa. "Macho chini. Sauti chini. Mwari hapayuki."

Nikapiga magoti katikati ya sebule. Baba akauliza kwa sauti kubwa mno, kama wanavyoongea watu wasiosikia sauti yao wenyewe: "Tekla, mwanangu, tupokee?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, baba akaitikia kwa kichwa.

Vigelegele vikapasuka. Anselim akanyoosha mkono kupokea mahari. Mimi niko chini, jibu liko kinywani, na hakuna hata mmoja aliyeona kuwa sijasema kitu. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nikasimama, kanga ikaanguka, nikaenda hadi kwenye sikio la kulia la baba na kupayuka.

"Baba! Bado sijajibu!"

Vigelegele vikakatika. Baba akanitazama. Kisha akauondoa mkono wa Anselim polepole. "Basi jibu."

"Pokea, baba! Pokea!"

Nadhani hadi sokoni walisikia. Mshenga wa Obed akacheka, akasema huyu hata treni za Mlimba hazitamshinda kwa kelele, na wengine wakacheka naye. Baba hakucheka. Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Nimesikia," akasema. "Nimemsikia mwanangu mwenyewe."

Akanishika mkono, akaniinamia. Alidhani ananong'ona, lakini nyumba nzima ilimsikia.

"Sasa ukishakwenda Mlimba, nani atanipayukia?"

Kicheko kikaisha. Anselim akatazama sakafu, Lukelo akatoka nje. Mimi nilibaki kando ya sikio lake. Sauti nilikuwa nayo, jibu sikuwa nalo.