Risasi Mbili kwa Kila Mtu

Sajenti Dorkasi alifungua kasha la risasi, akahesabu, akahesabu tena. Zilikuwa ishirini na nne. Askari waliokuja kwenye mafunzo walikuwa kumi na wawili, na mwongozo ulitaka kila mmoja apige kumi.

"Nyingine zinakuja, afande?" aliuliza Konstebo Edgar, kijana wa Shighatini aliyekuwa na miezi minne tu kazini.

"Niliomba tangu Januari. Leo mtapiga mbilimbili. Muda utakaobaki tutajifunza kutopiga."

Uwanja wa shabaha ulikuwa korongo kavu nje kidogo ya Same, chini ya mlima. Upigaji uliisha kabla ya saa tatu. Kulikuwa na ubaridi wa Julai, na Dorkasi, aliyependa kufundisha kuliko kazi nyingine yoyote ya polisi, alikusanya maganda ya risasi huku akiimba wimbo wa kwaya. Kisha akamwita Mama Agatha, ambaye shamba lake la mbaazi lilipakana na uwanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo mnanipa kazi gani?"

"Utokee nyuma ya kile kichaka, uwafuate. Fanya lolote. Hawa watashika fimbo, bunduki zimeshafungiwa."

Mama Agatha aliifurahia kazi hiyo. Kwanza alimjia Konstebo Irine na panga. Irine akarudi nyuma, akamwamuru aliweke chini, naye akaliweka. Ilipofika zamu ya Edgar, mama alikuja mikono mitupu, akiongea peke yake, kisha ghafla akaingiza mkono ndani ya khanga.

"Pa!" alisema Edgar, fimbo ikimwelekea kifuani.

Mama Agatha alitoa simu.

"Binti yangu ananipigia," alisema. "Umeshaniua, baba."

Wenzake walicheka. Edgar hakucheka.

"Uliona nini?" Dorkasi alimuuliza.

"Niliona mkono."

"Mkono umeshika nini?"

"Sikuona, afande."

"Haya, rudia."

Alirudia mara tano. Mara ya tano alijikinga nyuma ya mti, akatoa amri kwa sauti, akasubiri mpaka akaiona ile simu. Mama Agatha akampigia makofi.

Saa saba Inspekta Anderson alifika kwa pikipiki na fomu iliyokwisha kujazwa: askari kumi na wawili, risasi kumi kila mmoja, wote wamefuzu. Ilibaki saini ya mkufunzi.

"Kesho wanakwenda Ndungu," alisema. "Wakulima na wafugaji wanagombea maji ya mfereji. Siwezi kupeleka watu wenye silaha bila hii karatasi."

"Wamepiga mbili, afande," alisema Dorkasi.

"Najua wamepiga mbili. Saini."

"Andika mbili, nitasaini."

"Mkoani watarudisha."

"Warudishe na risasi."

Inspekta alitoa kalamu, akaiweka fomu juu ya tangi la pikipiki, akasaini mwenyewe mahali pa mkufunzi.

Hapo Edgar akatoka kwenye mstari.

"Afande, naomba jina langu ulikate."

"Unaumwa?"

"Hapana, afande. Sijafuzu. Ndungu nitakwenda na kirungu."

"Unajua watu wa kule wanabeba mikuki na mapanga?"

"Najua, afande. Ila huyu mama nilishamuua."

Inspekta alimtazama, akamtazama Mama Agatha aliyekuwa amekaa kwenye jiwe akimenya muwa, kisha akalikata jina kwa mstari mmoja. Akawasha pikipiki, akaondoka.

Jioni, wenzake Edgar walipokuwa wakichukua bunduki kituoni, Dorkasi alikuwa nyumbani akipakua makande, moyo umetulia kama Jumapili. Alikuwa amempata mmoja aliyejifunza kutopiga, kwa siku moja. Kwenye ratiba ya mafunzo ya mwaka ule, siku ya pili ya kuwapata wale kumi na mmoja waliobaki haikuwapo.