Dominika ya Saba

Jumamosi kabla ya Majilio, mtunza sakristia alishusha maboksi mawili kutoka juu ya kabati la kanzu, akayapangusa vumbi na kumpelekea fundi cherehani. Ndani mlikuwa na misale, vitabu vya masomo ya misa, mia moja na arobaini za Mwaka A, zilizotumika miaka mitatu iliyopita kisha zikafungiwa. Mwenyekiti wa parokia alikuwa ameamua kwamba hakuna haja ya kununua mpya. Masomo ya Dominika huzunguka, alisema: A, B, C, halafu A tena, na neno la Mungu haliozi. Kilichooza ni gundi tu. Fundi alishona migongo ya vitabu thelathini na sita, akavunja sindano mbili, na kufikia saa kumi jioni kazi ilikuwa imekwisha.

Kesho yake, watu walipofungua vitabu, marehemu waliokuwa bado hai Dominika hiyo hiyo miaka mitatu nyuma walikuwa wamekaa mahali pao. Mzee aliyekufa kwa kifua alikohoa benchi la pili. Mwalimu mstaafu, marehemu wa mwaka ule ule, aliimba besi bila kukosea. Walio hai walisogea kidogo, kama watu wanavyompisha aliyechelewa. Lalamiko pekee lililomfikia paroko ni kwamba mabenchi hayatoshi.

Binti wa fundi alikaa kulia kwa mama yake, benchi la tano, upande wa dirisha. Alivaa gauni la bluu aliloshonewa na mama yake, lile lile alilozikwa nalo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Vifungo vya huku mgongoni vimelegea."

"Nipitishie kesho nivikaze," fundi alisema, kwa kuwa ndivyo alivyosema mara ile.

Misa ilipokwisha, mtunza sakristia alisimama mlangoni kukusanya vitabu. Kila marehemu alirudisha chake, na upande wa pili wa mlango hakuonekana.

Haikumchukua fundi muda kutambua kwamba wafu wanafuata kitabu. Walisema walichosema Dominika hiyo hiyo ya miaka mitatu nyuma, hawakuongeza neno. Alimuuliza binti yake, "Anakufanya nini mumeo?" na binti akajibu kwamba sabuni za siku hizi hazitoi povu.

Basi fundi akaona tena aliyokwisha kuyaona. Dominika ya tatu ya Majilio binti alikuja na mtandio shingoni, ingawa joto lilikuwa kali. Siku ya Familia Takatifu jicho la kushoto lilikuwa limefumba. Dominika ya nne ya mwaka alishika misale kwa mkono mmoja, wa pili ameulaza mapajani kama mtoto mgonjwa. Waliokaa nyuma yake waliona pia. Wakainamia vitabu vyao, kama walivyoinama mara ile.

Mume wa binti ndiye mwenyekiti wa parokia. Siku hizi alikaa mbele na mke mwingine. Alipokuwa akienda kwenye mimbari kusoma somo la kwanza, alipita kwenye benchi la tano na kusalimia kwa adabu.

"Mama, shikamoo." Kisha, kwa aliye pembeni, "Hujambo."

"Sijambo," binti alijibu, akitazama sakafu.

Wanawake wa kwaya waliliongelea jambo hilo nje, wakikunja sare zao.

"Sisi tulisema aliteleza bafuni."

"Ndivyo cheti cha kifo kilivyoandikwa."

"Basi. Tumsahihishe daktari, sisi nani?"

Fundi aliwapita. Alikuwa anaingoja Dominika ya saba. Mara ile, Dominika ya saba, Injili ilikuwa ile ya kumgeuzia anayekupiga shavu la pili. Watu walipoketi, binti alimwinamia sikioni na kuuliza, "Mama, nikija kwako na mzigo wangu, utanifungulia?" Fundi aliweka kidole kwenye ukurasa. "Umeisikia mwenyewe," alisema. "Vumilia, mwanangu. Ndoa ni uvumilivu." Jumanne yake, siku moja kabla ya Majivu, watu wawili walikuja kumwita akiwa anapinda suruali ya mteja.

Sasa jibu lingine lilikuwa tayari. Alihamisha vitambaa kutoka chumba cha nyuma, akatandika kitanda, akamwita seremala aweke komeo mlangoni. Alilirudia jibu lake akikanyaga cherehani: njoo leo, usipitie kwake kuchukua hata kanga.

Baada ya misa ya Dominika ya tano aliingia sakristia. Mtunza sakristia alikuwa anakwangua nta kwenye vinara.

"Mzee, Dominika ya saba ni tarehe ngapi?"

Aliifunua kalenda ukutani, akahesabu kwa kucha. "Haipo."

"Haipo vipi? Kitabuni ipo. Ukurasa wake nimeushona mwenyewe."

"Ukurasa upo, mama. Siku ndiyo haipo. Pasaka imewahi siku nne kuliko mara ile, kwa hiyo baada ya Dominika ya sita tunaingia Kwaresima. Na baada ya Pentekoste tunarukia mbele. Ya saba tunaipita juu kwa juu."

"Na Mwaka A unaofuata?"

Alitoa kitabu kikubwa chenye jedwali la Pasaka, akavaa miwani. "Haipo. Wa baada yake pia haipo." Alifunua tena, taratibu. "Itakuwepo baada ya miaka kumi na miwili."

Fundi alikuwa na miaka sitini na tisa.

"Vitabu vitafika?"

"Vitabu vitafika," alisema, akaendelea kukwangua nta.

Dominika ya sita fundi hakufuata kitabu. Binti alipoketi tu, alimshika goti. "Mwanangu, jibu ni ndiyo. Njoo leo hii. Chumba kipo, komeo lipo."

"Bakuli lako bado liko kwangu, Mama," binti alisema. "Nitalirudisha."

"Acha bakuli! Nimesema njoo!"

Mabenchi mawili yaligeuka. Kwenye mimbari mwenyekiti alisimamisha kidole kwenye mstari na kungoja, mtu mwenye subira, mpaka kanisa likatulia. Kisha akaendelea.

Mlangoni fundi alimkamata binti kiganja, na kwa mkono mwingine akakibana kitabu cha binti kifuani.

"Mama, kitabu," alisema mtunza sakristia. "Wengine wanangoja."

Ni binti mwenyewe aliyekichomoa, polepole asimuumize, akakirudisha. Tangu utotoni alikuwa mtiifu. Fundi akabaki ameshika hewa.

Dominika ya kwanza ya Kwaresima mzee wa kifua alikohoa kama kawaida, na mwalimu aliimba besi, maana wao walikufa mwaka ulipokuwa umesonga, si kabla ya Majivu kama binti. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alisimama kando ya benchi la tano.

"Hapa pana mtu?"

"Hapana," fundi alisema, akasogea.

Mwenyekiti alisoma vizuri, bila haraka, sauti yake ikafika mpaka mlangoni. Alipomaliza aliinua uso.

"Neno la Bwana."

"Tumshukuru Mungu," watu wakajibu, na fundi pamoja nao.