Kiini Kisichoguswa

Halidi ndiye aliyemshawishi mama yake mdogo, Mwanaasha, akubali jina lake liingizwe kwenye kompyuta ya zahanati ya mtaani. Mwanaasha aliuza sokoni Mafiga, mjini Morogoro, njegere za kumenya, zinazoshuka kutoka milima ya Nyandira, na kwa miaka alikuwa akizifuata dawa zake za VVU mpaka Turiani, mbali na mji, kusudi asionwe na mtu. Halidi, fundi wa mifumo ya kompyuta za zahanati, alimhakikishia kwamba serikali imeipima mifumo hiyo na kuipiga muhuri. Mwanaasha akauliza kama hakuna tundu la kuvujisha siri. Hakuna, akajibiwa, na kijana alisema kweli kwa kadiri alivyojua.

Tundu likaonekana masika. Ndani ya kiini cha mfumo endeshi, yaani programu inayoiendesha kompyuta yenyewe, pale siri za wagonjwa zinapofungwa kwa fumbo kabla hazijasafiri kwenda mkoani, kila ufunguo ulitakiwa uwe wa pekee. Lakini umeme ukikatika na kurudi, mashine iliamka na usingizi wake, ikatoa funguo zinazofanana. Na Morogoro umeme ukikatika, nani anashangaa? Mwizi akipata ufunguo mmoja amepata zote. Halidi aliliziba tundu kwa mistari michache, akajaribu, likazibika kweli.

Akaiandikia ofisi ya ithibati, iliyotoa ule muhuri wa serikali, nayo ikamjibu kwa upole unaoudhi. Cheti kilitolewa kwa kiini kilekile kilivyopimwa. Ukikigusa, hata kwa kukiponya, kimekuwa kingine, nacho hakina cheti. Kisicho na cheti kizimwe, kipange foleni ya kupimwa upya, na foleni hiyo ilipita mwaka. Bosi wake, Anselmi, hakupandisha sauti. Alimwambia arudishe kile cha zamani, kwani kibovu chenye cheti hakimfukuzishi mtu kazi. Halidi aliona haya, lakini alirudisha, na kwa mama yake mdogo hakufungua kinywa.

Kabla ya kiangazi kwisha, majina ya wagonjwa yalikuwa yanazunguka kwenye simu za watu. Mkaguzi akaja, akalinganisha kiini na cheti, akakuta havijapishana hata nukta, akaandika kwamba mfumo uko sawa. Akaaga, akaenda kula.

Halidi alimkuta Mwanaasha sokoni, njegere zikinyauka kwenye ungo, wanunuzi wakiipita meza yake kwa mbali. Akamwamkia. Marahaba ilichelewa. Alimweleza yote, la kuliziba tundu na la kulizibua. Mwanaasha alisikiliza huku akimenya.

"Hicho cheti, mwanangu, kilikuwa kinanilinda mimi au kinailinda mashine?"

Halidi akamsihi walau asiache dawa. Kama ni Turiani, atampeleka mwenyewe.

"Turiani nako wameleta kompyuta hiyohiyo," alisema Mwanaasha. "Dawa nimeshaacha, tangu mwezi uliopita."

Kisha akamfungia njegere za bure, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuzila.