Siku Kumi na Tisa Bila Jina

Hebu niambie, mtoto mchanga ambaye hajapewa jina, akilia usiku unamwitaje? Sisi tulimwita Sampuli. Usicheke. Ni dada zake wakubwa waliobuni, kwa sababu baba yao alikuwa akirudi kutoka kiwanda cha sabuni hapa Nyeri na vichupa vimejaa mfukoni, na ukimwuliza hiki ni nini anajibu, "Sampuli. Bado haina jina."

Mwaka ulikuwa wa sitini na nane. Mume wangu, Kingori, alikuwa injinia wa kemikali, Mwafrika wa kwanza pale kiwandani kukabidhiwa funguo za stoo ya magadi. Kabla ya hapo alikuwa askari huko Burma wakati wa vita vya Hitla, halafu akaenda India kusoma, akakaa mpaka watu wakasema ameoa huko. Hakuoa. Alirudi akanioa mimi, akaja na sanduku la vyuma na vioo ambalo sikuruhusiwa kupangusa.

Alikuwa mtu wa kupima. Uji wa watoto aliupima joto. Maziwa ya jirani aliyatumbukizia kijiti cha kioo kinachoelea, akamwambia mwenye maziwa kwa upole, "Watiri, ng'ombe wako alinyeshewa." Na Jumamosi aliwaosha watoto wote mwenyewe uani, mmoja mmoja, kwa sabuni aliyoipika yeye. Wanaume waliopita barabarani walisimama kuangalia. Yeye anasugua masikio tu.

Sasa, kwetu jina la mtoto halitafutwi. Linajulikana hata kabla mimba haijaonekana. Mvulana wa kwanza ni baba ya mume, wa pili ni baba ya mke, wa tatu ni ndugu mkubwa wa mume. Sampuli alikuwa wa tatu. Na ndugu mkubwa alikuwa mmoja tu, Kahiga, mkulima wa viazi kule Chaka, ambaye Mungu hakuwa amempa mtoto hata mmoja. Jina lake kama lingepata mtu wa kulibeba, angetoka nyumbani kwetu.

Kwa hivyo pale hospitalini nesi Gaudencia alipochukua kalamu, Kingori alipaswa kusema neno moja tu. Akasema, "Ngoja kidogo."

"Tungoje nini, baba?" Gaudencia akamwuliza. "Mtoto ameshafika."

Tukarudi nyumbani na kadi yenye nafasi tupu.

Wanawake wakaja na uji na kuni, kama desturi, na kila mmoja kabla hajatua mzigo anauliza, "Tumepata nani?" Nami najibu, "Tumepata kijana." Siku ya kwanza inapita. Siku ya kumi, Watiri, ambaye hakuwa amesahau mambo ya maziwa, akasema, "Kijana nani? Ama injinia anampikia jina huko kiwandani?"

Nilicheka nao, lakini moyoni niliogopa. Nilimwogopea Kahiga. Habari kutoka Nyeri hadi Chaka haihitaji basi. Angesikia kwamba ndugu yake amepata mvulana wa tatu na jina halitajwi, angefikiri nini? Kwamba anaonewa kwa sababu ni tasa?

Hata hivyo sikumsukuma Kingori. Kumharakisha yule mtu ni kama kuikata sabuni kabla haijakauka, inabaki mkononi mwako. Nilimwuliza mara mbili tu. Mara ya kwanza alisema, "Nafikiria." Mara ya pili alimchukua mtoto, akamtazama sana, akamrudisha.

Siku ya kumi na tisa ilikuwa Jumamosi, na ubatizo ulikuwa kesho yake. Kingori alikuwa uani, amekunja mikono ya shati, anaosha watoto. Lango likafunguliwa. Kahiga huyo, na kofia ya kanisani, anavuta kondoo dume kwa kamba.

"Niko na habari," akasema kabla hajasalimu mtu, "ati nilizaliwa hapa siku kumi na tisa zilizopita, na hakuna mtu aliyenijulisha."

Watoto wakacheka. Kingori hakucheka. Aliendelea kusugua kichwa cha Ndungu wetu mpaka maskini akalia.

"Mwachie mtoto ngozi," Kahiga akasema. Akafunga kondoo kwenye nguzo, akageuza ndoo, akaikalia. Mimi nilikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. "Injinia, wewe unapima kila kitu. Jina langu lipime, uniambie lina kasoro gani."

"Halina kasoro, mkubwa wangu."

"Basi?"

Kingori akaosha mikono. Akaosha tena.

"Kule Burma nilikuwa na Munyao," akasema. "Mkamba wa Machakos. Kazi yetu sisi wawili ilikuwa maji ya kunywa. Mimi natia dawa kwenye tangi, yeye anakunywa kwanza, kabla ya kikosi. Kipimo nilikuwa sijui, nasoma kikaratasi kwa kubahatisha. Anakunywa, anapangusa mdomo, ananiambia, 'Leo umepika vizuri.' Kila siku. Siku nikikosea, anakohoa, ananiambia vivyo hivyo. Homa ilimchukua wiki mbili kabla ya meli ya kurudi. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto. Mimi nilienda India ili nijue nilikuwa nikimnywesha nini."

Miaka kumi nilikuwa mke wa mtu huyu. Burma niliijua kwa matope na ruba tu. Jina hilo sikuwa nimelisikia hata katika ndoto zake.

Kahiga alivua kofia, akaitazama ndani.

Kingori akaharakisha, "Lakini mtoto ni Kahiga. Ni haki yako. Kesho mchungaji ataandika Kahiga. Imeisha."

"Haijaisha. Desturi niliijua kabla hujaota meno, sikuja kuulizia desturi." Akarudisha kofia kichwani. "Jina ni langu, si la wazee wa Nyeri. Naweza kulikalisha chini lingoje yule atakayefuata. Mama Warigia pale mlangoni bado ni msichana."

Nikamrushia kitambaa cha mtoto. Akakidaka, akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Nitangoja, Kingori. Kungoja nimezoea. Lakini sitaki kukisia. Siku kumi na tisa umemeza kitu. Nitazame uniambie kwa mdomo wako. Ulitaka nini?"

Kingori akamtazama. Maji yalikuwa bado yanamchuruzika vidoleni.

"Nilitaka aitwe Munyao," akasema.